Kusomea udaktari wa wanyama SUA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi na wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa kidato cha sita wa Masasi, Newala, Tandahimba, Ruangwa, Nachingwea na Mtwara mjini. Mimi ni daktari wa mifugo. Nilisoma Morogoro na kazi naifanya huku Kusini. Najibu kwa urefu pale ninapoona watu wanakwama, na kwa ufupi pale jibu lenyewe ni fupi.

Chuo chenyewe kiko wapi, na kilianzaje?

Ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopo Morogoro chini ya milima ya Uluguru. Ndani ya chuo hicho kuna ndaki ya tiba ya wanyama, na hiyo ndiyo inayotoa madaktari wengi mnaokutana nao kwenye halmashauri zetu.

Zamani Mtanzania aliyetaka kuwa daktari wa wanyama alikwenda Kenya. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki nchi tatu ziligawana fani: sheria ilisomwa Dar es Salaam, tiba ya binadamu Makerere, tiba ya wanyama Nairobi, pale Kabete. Chuo hicho kilipovunjika mwaka 1970 kila nchi ikabaki na lake. Masomo ya tiba ya wanyama yakaanzishwa Morogoro mwaka 1976, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 1 Julai 1984 Morogoro ikawa chuo kikuu kinachojitegemea na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo Aprili 12 mwaka huo huo.

Huku kwetu ng'ombe si wengi. Daktari wa wanyama atafanya nini Mtwara au Lindi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana sababu. Wazee wetu hawakufuga ng'ombe wengi kwa kuwa mbung'o walijaa kwenye mapori, na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, iliwamaliza ng'ombe kabla hawajazaana. Watoto wetu wamekua wakijua mikorosho, ufuta, mbaazi na bahari. Kwa hiyo mzazi akisikia "tiba ya wanyama" anawaza Umasaini au Usukumani, anaona si mambo yetu.

Lakini tazameni tulichonacho. Karibu kila kaya kijijini ina kuku, na kila mwaka mdondo unapita. Wengine wanauita kideri. Asubuhi unakuta kuku wamejikunyata, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, na ndani ya wiki moja banda limebaki na kuku wawili. Mama aliyekuwa anategemea jogoo wa kuuza ili anunue madaftari hana tena cha kuuza. Kinga ipo. Ni chanjo ya I-2, inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Unamlaza kuku ubavu, unadondosha tone moja kwenye jicho moja, unasubiri apepese ndipo umwachie. Wanachanjwa kuku wote, wakubwa kwa vifaranga, na zoezi linarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kazi ni ya dakika chache kwa banda zima. Inayokosekana vijijini mara nyingi si dawa. Anakosekana mtu wa kuwapangia watu ratiba, kuilinda chanjo isipate joto, na kueleza kwa nini kuku aliyekwisha kuugua hatapona kwa kuchanjwa.

Kuna na mbuzi. Ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo ulithibitishwa nchini mwaka 2008, kule kaskazini, upande wa Ngorongoro. Haikuchukua miaka mingi ukafika Tandahimba, na uchunguzi wa watafiti ulielekeza kwenye mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, na kuletwa huku. Njia yake mnaijua: korosho zikilipwa, watu wananunua mifugo, mbuzi wanapakiwa kwenye lori, wanashushwa kijijini na kuchanganywa na wa zamani siku hiyo hiyo. Angekuwepo mtu wa kusema "hawa wageni wakae peke yao wiki tatu kwanza", mbuzi wengi wa Tandahimba wangepona. Mpaka leo nikiona lori la mbuzi linapanda uwanda wa Makonde huwa nauliza wanakwenda wapi.

Ng'ombe nao wamekuja. Tangu serikali ilipowahamisha wafugaji kutoka Ihefu na bonde la Usangu miaka ya 2006 na 2007, makundi makubwa yameingia Kilwa, Liwale, Nachingwea na Lindi vijijini. Yamekuja na ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na migogoro ya mashamba pia ikaja. Yamekuja vilevile na maziwa na nyama, na kila nyama inayouzwa buchani inatakiwa ikaguliwe na mtu aliyesomea.

Mbwa msiwasahau. Kati ya mwaka 2010 na 2015 wilaya za kusini-mashariki, zetu zikiwemo, zilikuwa kwenye mradi uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Hesabu ya kichaa cha mbwa inajulikana: mkichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Mkiacha, watoto wa mbwa wanaozaliwa bila chanjo wanaujaza tena mwanya ule ndani ya miaka michache.

Halafu Ruangwa. Julai 2022 watu walianza kufika kituo cha afya cha Mbekenyera wakiwa na homa, kichwa kinauma, uchovu, na damu inatoka puani. Watatu walifariki. Hofu ilienea mpaka Mtwara mjini, kila mtu akitaja Ebola. Vipimo vilionyesha si Ebola wala Marburg, na Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Bakteria wake hukaa kwenye figo za panya, ng'ombe, mbuzi, nguruwe na mbwa, hutoka na mkojo, hubaki kwenye maji na udongo wenye unyevu, kisha humwingia mtu kupitia michubuko au utando wa macho na mdomo. Ugonjwa ulionekana kwa watu, chanzo chake ni wanyama. Ndiyo maana daktari wa wanyama ana kazi hata kwenye kata isiyo na ng'ombe hata mmoja.

Ndaki inatoa kozi zipi?

Kubwa ni Shahada ya Tiba ya Wanyama, miaka mitano. Huyo ndiye anayetoka akiitwa daktari.

Ipo pia Shahada ya Sayansi katika Bioteknolojia na Sayansi za Maabara, miaka mitatu. Inamfaa kijana anayependa hadubini na vipimo kuliko kukimbizana na ndama. Kwa ngazi ya stashahada kuna ya afya na uzalishaji wa mifugo wa nchi za joto na ya teknolojia ya maabara, kila moja miaka miwili. Juu ya shahada kuna uzamili na uzamivu katika fani kama afya ya jamii na usalama wa chakula, epidemiolojia na parasitolojia.

Hapa watu wengi wanachanganya jambo moja, na linawagharimu. Shahada ya Sayansi ya Wanyama, nayo ya SUA lakini ya ndaki ya kilimo, si tiba ya wanyama. Inafundisha ulishaji, uzalishaji na uboreshaji wa mbegu za mifugo. Ni kozi nzuri, ila mhitimu wake hasajiliwi kuwa daktari. Wakati wa kujaza maombi soma jina la kozi neno kwa neno. Nimekutana na vijana waliogundua tofauti hii wakiwa mwaka wa pili.

Nisome mchepuo gani kidato cha tano?

Kemia na Baiolojia ndizo nguzo. PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) ndiyo njia iliyonyooka zaidi. Wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) na CBA (Kemia, Baiolojia na Kilimo) nao wasome kwa makini sifa za kujiunga, kwa sababu somo la tatu na alama za chini huwekwa na chuo na kuchapishwa kila mwaka kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Chukua mwongozo wa mwaka unaoomba. Usitumie ule aliokuachia kaka yako.

Matokeo ya kidato cha sita hayakutosha, au nimeishia kidato cha nne. Mlango umefungwa?

Haujafungwa. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi kadhaa nchini: Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Mabuki na nyinginezo. Kwa sisi wa Kusini iliyo karibu ni Madaba, mkoani Ruvuma. Wanapokea wa kidato cha nne wenye ufaulu wa masomo ya sayansi, unaanza astashahada, unapanda stashahada. Ukifaulu vizuri stashahada unaweza kuomba shahada SUA kwa sifa linganishi.

Njia hii ni ndefu ila haina aibu yoyote. Baadhi ya madaktari hodari niliosoma nao walipita huko. Walikuwa wameshika mifugo kabla ya kushika vitabu, na tulipofika mwaka wa nne, kwenye kliniki, sisi tuliotoka moja kwa moja shuleni tulikuwa tunawauliza wao.

Miaka mitano wanafundishwa nini kwa muda wote huo?

Daktari wa binadamu ana mgonjwa wa aina moja. Huyu ana ng'ombe mwenye sehemu nne za tumbo, farasi mwenye moja, kuku asiye na meno, mbwa, paka, nguruwe, samaki na wanyama wa porini. Miaka ya mwanzo ni maumbile ya mwili na jinsi mwili unavyofanya kazi: anatomia, fiziolojia, biokemia. Siku nyingi utashinda kwenye chumba cha kupasulia, harufu ya dawa ya kuhifadhia mizoga ikikufuata mpaka bwenini. Kisha vijidudu, minyoo na kupe, patholojia, na dawa. Miaka ya mwisho ni kliniki, upasuaji, uzazi, ukaguzi wa nyama, magonjwa ya milipuko, mafunzo ya vitendo nje ya chuo, na utafiti mdogo wa kuandika mwenyewe. Ipo na hospitali ya wanyama ya kufundishia, ambako wagonjwa ni wa kweli na wenye mifugo wamesimama pembeni wakisubiri jibu.

Nitoe mfano wa kuku aliyekufa, kwa kuwa huyu ndiye atakayeletwa mlangoni kwako Newala. Unamlowesha manyoya ili yasipeperuke. Unamlaza chali, unachanja ngozi ya mapaja na kuyatandaza mpaka viungo vya nyonga viachie, unafungua kifua. Unatazama kwanza bila kugusa: rangi ya ini, mifuko ya hewa kama ni angavu au imejaa utando. Ndipo unafuata njia ya chakula, na kabla tu ya firigisi kuna kifuko laini chenye tezi. Unakipasua kwa urefu, unakiosha taratibu. Ukikuta vidoa vya damu kwenye ncha za tezi zile, akili yako inakwenda haraka kwenye mdondo. Huishii hapo, kwa sababu mafua makali ya ndege nayo yanaweza kuacha alama za namna hiyo, kwa hiyo sampuli inakwenda maabara. Kujua wakati gani macho yako hayatoshi ni sehemu kubwa ya hiyo miaka mitano.

Binti yetu anaitaka kozi hii. Ataweza?

Ataweza. Wasichana wanasoma, wanafaulu na wanafanya kazi. Ng'ombe hashindwi kwa misuli na mtu yeyote, awe mwanamume au mwanamke. Anashindwa kwa kamba, kibanio na kujua usimame wapi. Na kwa kuwa kuku na mbuzi wengi wa vijiji vyetu wako mikononi mwa akina mama, daktari mwanamke mara nyingi anaambiwa mambo ambayo mimi naambiwa nusu.

Mwanangu ni Muislamu. Atalazimika kushika nguruwe na mbwa?

Wazazi wengi wa Lindi na Mtwara wananiuliza hili kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa uwazi. Ndiyo, mafunzo yanahusu wanyama wote, nguruwe na mbwa wakiwemo, na mtihani hauwaruki. Kazi inafanywa kwa glovu, aproni na buti, na kunawa na kusafisha vifaa ni sheria ya kazi kwa kila mtu, dini yoyote. Waislamu wengi wamepita pale na leo ni madaktari. Kama moyo una wasiwasi, kaeni na sheikh wenu kabla ya kujaza fomu, ili kijana aende akiwa ametulia.

Ada tutaipataje? Sisi tunategemea korosho.

Hapa kuna tatizo la kalenda, na wazazi wa huku tunalipata kuliko wa mikoa mingine. Maombi ya chuo na ya mkopo hufanyika katikati ya mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo ya stakabadhi ghalani yanaingia benki baadaye. Chuo hufungua kati ya Oktoba na Novemba. Yaani pesa ya ada ya maombi, vyeti, nauli na wiki za mwanzo inatakiwa wakati mfuko uko mtupu kabisa. Tenga fedha hiyo kwenye malipo ya msimu uliopita, au kwenye ufuta, ambao unauzwa mapema. Kwenye koo zetu ambako mjomba ndiye msemaji wa masomo ya mtoto, mwiteni mapema. Mtoto akishapata nafasi mnakuwa mmechelewa.

Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, HESLB. Wanaokosa wengi hawakosi kwa sababu wana uwezo. Wanakosa kwa fomu yenye kasoro: cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, sahihi ya mtendaji iliyosahaulika, jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lisilofanana na la kidato cha nne. Yatima ahakikishe cheti cha kifo cha mzazi kinapatikana. Anzeni kushughulikia karatasi hizi kijana akiwa bado kidato cha sita. Mkopo hurejeshwa akianza kazi, kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ilianza kukopesha pia baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za kilimo na mifugo.

Safari ya Morogoro ikoje?

Basi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, siku nzima. Dar hadi Morogoro si mbali, na tangu Juni 2024 kuna treni ya mwendokasi. Wakati wa masika ulizeni hali ya barabara kabla ya kukata tiketi. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara upande wa Somanga, na waliokuwa njiani wanakumbuka walivyolala.

Morogoro usiku kuna baridi kuliko pwani yetu. Abebe sweta.

Akimaliza tu, anaruhusiwa kutibu?

Hapana. Anatakiwa kwanza asajiliwe na Baraza la Veterinari Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Wenye stashahada na astashahada nao huandikishwa na Baraza kwa ngazi yao, na wanafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Mfugaji ana haki ya kumuuliza anayemchoma sindano ng'ombe wake kama ameandikishwa.

Sisemi hivi kulinda ulaji wetu. Dawa za antibiotiki zinauzwa sokoni kama karanga, mtu anamchoma kuku wa mayai leo na kesho mayai yako mezani kwa watoto. Dawa nyingi zina siku za kusubiri kabla ya maziwa, mayai au nyama kuliwa. Asiyesomea hazitaji, na usugu wa vijidudu unaotokana na hapo unawafuata watu mpaka hospitali ya Ligula.

Ajira ziko wapi?

Halmashauri ndizo mwajiri anayejulikana zaidi, kupitia Sekretarieti ya Ajira. Nafasi hazitoki kila mwezi na waombaji ni wengi, kijana ajue hilo tangu mwanzo. Nje ya halmashauri kuna TVLA, ambayo ina kituo chake cha kanda Mtwara. Kuna Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, yenye kituo Naliendele. Kuna machinjio, hifadhi za wanyamapori, kampuni za dawa na vyakula vya mifugo, vyuo vya LITA, na miradi ya afya inayounganisha binadamu na wanyama.

Ninayoiona mimi kuwa imeachwa wazi kabisa huku ni kujiajiri. Masasi, Nachingwea na Mtwara mjini watu wanafuga kuku wa mayai na wa nyama kwa mamia, na wanasafiri au wanapiga simu Dar kuuliza ushauri. Daktari mwenye duka dogo la dawa, jokofu la chanjo linalofanya kazi na pikipiki atapata wateja. Asitegemee kutajirika mwaka wa kwanza.

Ni kweli SUA wanafundisha panya?

Kweli. Shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji, lilihamia SUA mwaka 2000 na linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Panya waliofundishwa Morogoro walifanya kazi Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma kwa majirani zetu, na mwaka 2015 nchi hiyo ikatangazwa kuwa imemaliza mabomu yanayojulikana.

Mimi siendi chuo. Nina mnyama amekufa leo, nifanyeje?

Kama ni kuku, mweke kwenye mfuko wa plastiki, funga, weka barafu pembeni, na umfikishe kwa ofisa mifugo wa kata au kituo cha TVLA Mtwara siku hiyo hiyo. Akikaa jua moja hafai tena kwa uchunguzi. Kuku anayeumwa lakini yu hai anasaidia zaidi kuliko mzoga, mlete naye.

Kama ni ng'ombe, mbuzi au kondoo aliyekufa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, usimpasue, usimchune, usigawe nyama. Hiyo inaweza kuwa kimeta. Weka watoto na mbwa mbali, piga simu kwa ofisa mifugo, subiri hapo hapo.

Na kama ni mbwa aliyeuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukachanjwe hata kama jeraha ni dogo. Ya mbwa tutayashughulikia sisi ukiwa njiani.